Kanjiwa wa Gràcia

Kuna riwaya moja ya Kikatalani ambayo Kiingereza kimeibatiza mara tatu. Mwaka 1967, kule London, iliitwa The Pigeon Girl. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marekani, ikawa The Time of the Doves. Mwaka 2013 ikarudi London na jina la tatu, In Diamond Square. Mwandishi ni yule yule, Mercè Rodoreda, na kitabu ni kile kile, La plaça del Diamant, kilichotoka Barcelona mwaka 1962. Mtu akibadilisha jina mara tatu, huku kwetu tunauliza anadaiwa na nani.

Shida ilianza na ndege. Kikatalani kina neno colom, na neno hilo huwabeba ndege wawili ambao Kiingereza huwatenganisha: pigeon, yule wa mjini anayeokota makombo na kuchafua kuta, na dove, yule mweupe wa kadi za Krismasi na mabango ya amani. Mtafsiri wa Kiingereza hana pa kujificha. Lazima achague, na akishachagua, amekuambia uhisi nini kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. The Pigeon Girl inanuka kidogo. The Time of the Doves inang'aa kidogo. Peter Bush, mtafsiri wa tatu, akamtoa ndege kwenye jalada kabisa na kurudi kwa jina la uwanja, kama Rodoreda mwenyewe.

Sisi tuna njiwa. Najua Biblia ya Kiswahili inamwita hua yule aliyeshuka juu ya Yesu pale Yordani, lakini niambie ni lini mara ya mwisho umesikia mtu akisema hua kwenye matatu. Njiwa ndiye anayetumwa salamu katika nyimbo za mapenzi za pwani, na njiwa huyo huyo ndiye anayenyea nguo zako kwa kamba. Neno moja, na ndani yake kuna mapenzi na kinyesi. Hivyo ndivyo Rodoreda anavyolihitaji. Kwa kitabu hiki, lugha yenye upungufu ni Kiingereza.

Stori yenyewe iko hivi. Natàlia anauza keki dukani, mtaa wa Gràcia, Barcelona. Mama yake amekufa. Rafiki yake anamvuta kwenda dansi la sherehe za mtaa, Uwanja wa Almasi, na hapo anakutana na kijana seremala anayeitwa Quimet. Natàlia tayari ana mchumba. Quimet hajali. Anamwambia kwamba mwaka ukiisha atakuwa mke wake, na palepale anamvua jina: kuanzia leo wewe ni Colometa. Colom ni njiwa, -eta ni kile kiambishi cha kudogosha. Hakuna anayemuuliza kama amekubali. Ukurasa mmoja tu wa dansi, na msichana ameshapoteza jina.

Hapo -eta ndipo nilipokaa sana. Kikatalani kinapenda kudogosha. Quimet mwenyewe ni Joaquim aliyefupishwa na kudogoshwa, na rafiki yake Cintet ni Jacint. Kudogosha huko ni upendo na ni dharau kwa wakati mmoja, inategemea nani anasema na amesimama wapi. Kiswahili sanifu kingekupa kijiwa, na kila msomaji angedhani umekosea kuandika kijiwe, pale vijana wa Dar huketi kupiga soga. Lakini Nairobi tuna ka-. Kanyumba, kamtoto, kale kadem. Mwalimu ataipigia mstari mwekundu, lakini ka- ndiyo sawa kabisa na -eta. Mwanaume akimwita mpenzi wake kanjiwa, hujui kama anambembeleza au anamfungia kwa tundu. Yeye mwenyewe huenda hajui. Natàlia anachukua kitabu kizima kujua.

Sasa tazama Bush alivyofanya. Kwenye tafsiri yake Quimet ameitwa Joe, na Colometa ameitwa Pidgey. Nimejaribu kumtetea. Hoja ya kumtetea ipo: Rodoreda hakuwa anaandika watu wa kigeni, alikuwa anaandika majirani, na jirani wa Mwingereza anaitwa Joe. Halafu Pidgey angalau ina ndege ndani yake, wakati Colometa, aliyeachwa vilevile na David Rosenthal katika The Time of the Doves, kwa sikio la Mwingereza ni jina zuri la kigeni tu, kama manukato. Bado siwezi kukubali. Joe si mtu wa Gràcia. Joe anafunga kibanda London ya mashariki na kwenda kunywa bia. Na Pidgey ni jina la utani la shuleni, halina ile sumu tamu. Quimet hamtanii Natàlia. Anamfuta. Kwa hiyo nikilazimishwa kukupendekezea moja, chukua Rosenthal, hata kama jalada lake limejaa amani ambayo kitabu hakina.

Wasomaji wa Kiingereza, na sisi tunaosoma kupitia Kiingereza, kwa kawaida huingia Katalunya kwa mlango mwingine: George Orwell na Homage to Catalonia, 1938. Orwell alifika Barcelona Desemba 1936, akajiunga na wanamgambo wa chama cha POUM, akapigana upande wa Aragon, akapigwa risasi ya shingo Mei 1937, na Juni akatoroka kabla hajakamatwa. Miezi sita. Ni kitabu kizuri, kina uaminifu ambao waandishi wengi wa vita hawana, na Orwell anasema wazi kwamba Kihispania chake kilikuwa kibovu na kwamba wenzake walikuwa wakiongea Kikatalani wao kwa wao. Ila kwa miaka mingi kimekuwa ndicho kitabu cha Katalunya, kana kwamba nchi ile ilikaa ikingoja mgeni aje aielezee.

Orwell anaeleza. Ana sura nzima za vifupisho vya vyama, POUM, PSUC, CNT, UGT, na anamwambia msomaji asiyependa siasa azirukie. Sura mbili kati ya hizo zilihamishwa mwisho wa kitabu katika matoleo ya baadaye, zikawa viambatisho. Hiyo ndiyo imekuwa desturi ya kila mtu anayeandika Katalunya kwa Kiingereza hadi leo: kwanza ramani, halafu orodha ya vyama, halafu hukumu. Tangu kura ya Oktoba 1, 2017, polisi wakiburura watu nje ya vituo, tumepata maelezo hayo kwa wingi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uhispania iliwahukumu viongozi tisa vifungo vya kati ya miaka 9 na 13. 2021 wakasamehewa. 2024 ikaja sheria ya msamaha wa jumla. Ukisoma yote hayo utajua Wakatalani wanataka nini, au nusu yao wanataka nini, lakini hutajua wanaongea vipi na mama mwenye nyumba.

(Jambo moja la pembeni kuhusu POUM. Kiongozi wake Andreu Nin, aliyekamatwa Juni 1937 na kuuawa na watu wa Stalin, alikuwa mtafsiri. Ndiye aliyewapa Wakatalani Dostoevsky na Tolstoy moja kwa moja kutoka Kirusi, Crime and Punishment na Anna Karenina. Sijui kwa nini jambo hilo hunihuzunisha zaidi ya siasa zake.)

Quimet wa Rodoreda anaenda vita vile vile, upande ule ule wa Aragon. Lakini sisi hatuendi naye. Tunabaki kwenye ghorofa Gràcia na mke wake, ambaye haelewi vyama na hajaribu kujifanya anaelewa. Jamhuri inapotangazwa Aprili 1931, anachokumbuka ni hewa ya siku ile. Mapinduzi ya Julai 1936 yanamfikia kama mambo ya kawaida: maziwa hayaji, gesi imekatika, tajiri aliyemwajiri kufua na kusafisha ana hofu. Kuna wahakiki ambao wamemwona Natàlia kama mjinga, mwanamke asiyejua dunia inafanya nini. Mimi naona wamesoma wakitafuta vifupisho. Mwanamke anayejua bei ya maziwa siku kwa siku anajua vita kuliko mtu mwenye bendera.

Na kuna njiwa. Njiwa mmoja aliyejeruhiwa anaanguka kwao, Quimet anamtunza, halafu anajenga kibanda juu ya paa, halafu wanazaana. Kama umewahi kukaa jirani na kijana anayefuga njiwa kwa maboksi juu ya mabati, unajua inaenda wapi. Wanashuka chumbani. Mke anatoka kazini jioni anakuta watoto wake wawili, Antoni na Rita, wanacheza katikati ya mabawa na mavi kama ni jambo la kawaida. Harufu inamganda. Hakuna mtu anayemuuliza, tena. Mume ana mpango wa kutajirika kwa njiwa, na huku akiwapa marafiki bure. Wanaume wenye mipango ya kutajirika kwa kitu ambacho mke ndiye anafagia: hawa si wa Barcelona peke yake.

Halafu anaanza kuwapiga vita. Hachukui kisu. Anawasumbua kwenye viota wanapoatamia, anatikisa mayai, anatikisa hadi kifaranga ndani afe, na mume hajui kwa nini njiwa zake hazitotoi tena. Ni sura za kuogofya na hazina damu hata tone. Nje, mji mzima uko kwenye mapinduzi. Ndani, huyu anafanya yake. Rodoreda hachori mshale wowote kutoka moja hadi nyingine, na hapo ndipo ninapomheshimu. Mwandishi mwingine angetuwekea hotuba.

Quimet anakufa vitani. Cintet anakufa. Mateu, mpole kuliko wote, anapigwa risasi na washindi. Inabaki njaa ya mwaka 1939, ambayo imeandikwa bila kelele kiasi kwamba unafika sura ya asidi hujajiandaa. Natàlia anaenda dukani kutafuta asidi ya kusafishia. Amepanga kuwamiminia watoto wakiwa wamelala, kisha yeye mwenyewe. Mwenye duka anamwita kabla hajafika mbali na kumuuliza kama anataka kazi ya kufanya usafi. Basi. Hivyo ndivyo wanaokoka, kwa bahati ya kibarua. Mwenye duka naye ana jeraha lake la vita, la aina ambayo mwanaume hasemi, na baadaye atamuoa. Nimesoma ndoa nyingi za mapenzi katika riwaya. Hii ya watu wawili waliovunjika, inayoanza na ufagio, naiamini zaidi.

Lugha ya haya yote ni ya mtu anayeongea. Natàlia hakusoma sana, na anasimulia kwa kuunganisha: na, na, na. Kiingereza hulazimika kurudia and mpaka unachoka, au mtafsiri anakata sentensi na kumvalisha suti mwanamke wa aproni. Hapa tena nafikiria Kiswahili. Tuna -ka-. Nikapanda ngazi nikafungua mlango nikakuta njiwa nikakaa chini. Sarufi yetu ilishatengeneza pumzi hiyo zamani, bila na hata moja, na mtoto wa darasa la pili anaijua. Mtafsiri wa Kiswahili wa Rodoreda angeanza kazi akiwa mbele.

Uzito wa kuandika hivyo haukuwa mdogo. Rodoreda, mzaliwa wa 1908, aliondoka Katalunya 1939 na kundi lile kubwa la waliokimbia Franco, akazunguka Ufaransa wakati wa vita vya dunia, akaishia Geneva. Nyumbani Kikatalani kilifukuzwa shuleni, ofisini na, kwa miaka ya kwanza, karibu kwenye uchapishaji wote. Huko Geneva ndipo alipoandika riwaya hii. Aliiwasilisha kwa Tuzo ya Sant Jordi ya 1960 chini ya jina Colometa, na haikushinda. Mchapishaji Joan Sales akaitoa miaka miwili baadaye. Kwa hiyo alikuwa anaandika mazungumzo ya mtaa ambao hakuwa ameukanyaga kama mkazi kwa zaidi ya miaka 20, katika lugha ambayo nyumbani watoto walikuwa hawafundishwi kuisoma. Alipofariki mwaka 1983, Gabriel García Márquez aliandika kwenye El País akilalamika kwamba dunia haikumjua.

Kwetu kuna njia ya mkato ya kusoma stori hiyo, na inaitwa Ngũgĩ. Shirika dogo la Barcelona, Raig Verd, limemchapisha kwa Kikatalani, pamoja na Decolonising the Mind, na serikali ya Katalunya ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya mwaka 2019. Walimsoma kama mtu anayewazungumzia wao. Naelewa, na sina kinyongo. Mwandishi aliyefungwa kwa sababu ya tamthilia ya Gĩkũyũ ana haki ya kupendwa na yeyote ambaye babu yake alikatazwa kusoma kwa lugha yake.

Ila tusikimbilie kusema wao ni sisi. Katalunya ni kati ya sehemu tajiri zaidi za Uhispania, na utajiri mwingine ulitoka mbali. Watalii wanaopiga picha Park Güell wanasimama kwenye pesa za familia ambayo baba mtu alitajirikia Cuba wakati wa utumwa. Eusebi Güell, aliyemlipa Gaudí, alimuoa binti ya Antonio López, ambaye sanamu yake iliondolewa Barcelona mwaka 2018 kwa sababu ya biashara ya watumwa. Lugha inaweza kuonewa na wenye lugha hiyo wakawa waonevu mahali pengine. Rodoreda, kwa bahati, hakuandika kuhusu Wakatalani kama watakatifu. Anayemfuta Natàlia anafanya hivyo kwa Kikatalani safi.

Leo lugha hiyo ina shule, runinga, bunge, na kila Aprili 23 mji mzima unanunua vitabu na maua ya waridi. Na bado inapungua mdomoni. Utafiti wa serikali ya Katalunya wa 2023 ulionyesha asilimia 32.6 ya watu wazima wakisema Kikatalani ndicho wanachotumia kila siku. Mwaka 2003 walikuwa asilimia 46. Sababu moja ni kwamba watu wengi wamehamia, na wengine wao wameanza kukiandika. Najat El Hachmi, aliyezaliwa Morocco na kulelewa Vic, alishinda Tuzo ya Ramon Llull mwaka 2008 kwa riwaya ya baba dikteta wa nyumbani na binti anayetafuta njia ya kutoka. Kwa Kiingereza inaitwa The Last Patriarch, na mtafsiri, tena, ni Peter Bush. Safari hii sina ugomvi naye. Ningesoma El Hachmi mara tu baada ya Rodoreda, vitabu viwili kwa wiki moja, na kuacha magazeti kwanza.

Chini ya Uwanja wa Almasi kuna handaki la kujikinga na mabomu, lilisahaulika hadi 1992. Juu kuna sanamu ya shaba ya Colometa. Watalii wanaomjua wanamjua kwa jina hilo, lile alilopewa na Quimet, na hapo ndipo kitabu kinafanya kitu ambacho sanamu haiwezi. Karibu na mwisho, Natàlia, sasa mama mzee aliyeozesha binti, anatoka usiku peke yake na kisu cha jikoni. Anarudi kwenye mlango wa nyumba ya zamani, ile ya njiwa. Haufunguki. Anachonga Colometa kwenye mbao, kwa herufi za kina, kisha anaenda uwanjani na kutoa ukelele aliokuwa ameuweka tumboni kwa miaka yote hiyo.

Rosenthal anaandika Colometa kwenye mlango huo, Bush anaandika Pidgey. Nimefungua ukurasa huo mara kadhaa nikifikiria mtu wa tatu, huyu wetu ambaye bado hajapatikana, ameketi na kamusi na chai iliyopoa. Akiweka Colometa, msomaji wa Kayole ataona herufi tu. Akiweka Njiwa, amemkuza kabla ya wakati. Akiweka Kanjiwa, mhariri atampigia simu asubuhi.